Kada za Afya Shirikishi: Sheria za Usajili na Nafasi za Kazi, Pamoja na Mfano wa Mkoa wa Singida

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaarifiwa kuwa ukurasa huu, katika toleo hili, unatoa somo juu ya kada za afya zinazoitwa shirikishi. Sababu ya kufanya hivyo ni maswali mengi yanayofikishwa kwetu na wazee wenye vijana waliomaliza vyuo vya afya, na vilevile na vijana wenyewe. Wengi huuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: mtu akishapata stashahada ya maabara, ya mionzi au ya dawa, aende wapi, na anatakiwa awe na nini mkononi? Swali hilo lina majibu mawili, kwa kuwa afya si jambo la Muungano. Visiwani kuna Wizara yake, sheria zake na mabaraza yake, Bara kadhalika. Somo hili linahusu upande wa Bara, ambako nafasi zinazotangazwa ni nyingi zaidi na ambako vijana wetu aghalabu hukwama kwa kutojua utaratibu.

Neno "afya shirikishi" si geni kabisa. Limo katika jina la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ambacho kilipandishwa kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Maana yake ni wataalamu ambao si madaktari wala wauguzi, lakini kazi ya daktari na ya muuguzi haisimami bila wao. Katika matangazo ya ajira ya Serikali utawakuta kwa majina haya: mteknolojia wa maabara, mteknolojia wa dawa, mteknolojia wa mionzi, mteknolojia wa macho, mtoa tiba kwa vitendo, mtaalamu wa fiziotherapia, fundi sanifu wa vifaa tiba, afisa afya mazingira, afisa lishe. Tabibu na tabibu wa meno nao huhesabiwa humo kwa mujibu wa sheria ya Bara, ingawa mwananchi wa kawaida humwita tabibu "daktari" na hana haja ya kujua tofauti.

Tumechagua Mkoa wa Singida kuwa mfano, na msomaji wa Visiwani anaweza kushangaa kwa nini. Sababu ni hesabu. Katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 Zanzibar ilikuwa na watu 1,889,773, na Singida ilikuwa na watu 2,008,058. Kwa idadi ya watu, basi, Singida na Zanzibar ni kama ndugu pacha. Lakini watu wa Zanzibar wanaishi katika eneo lisilofikia kilomita za mraba 2,700, ilhali wale wa Singida wametawanyika katika eneo linalozidi kilomita za mraba 49,000, yaani zaidi ya mara kumi na nane. Mgonjwa wa Makunduchi huweza kufika Mnazi Mmoja na kurudi kwao siku hiyohiyo. Mgonjwa wa Rungwa, kusini kabisa mwa Halmashauri ya Itigi, au Mhadzabe wa Munguli wilayani Mkalama, hana bahati hiyo. Kwa hivyo mkoa kama huo hauwezi kuwaweka wataalamu wake wote mjini. Lazima wagawanywe katika halmashauri saba: Manispaa ya Singida, Singida, Ikungi, Iramba, Mkalama, Manyoni na Itigi. Na wakigawanywa, huonekana wazi jinsi walivyo wachache.

Miaka michache iliyopita mwandishi wa ukurasa huu alikuwa katika safari ya kikazi Bara, akaingia katika zahanati moja ya kijiji katika mikoa ya kati. Haina haja ya kuitaja. Jengo lilikuwa zuri, lenye sakafu ya vigae na tangi la maji ya mvua. Muuguzi aliyekuwepo alikuwa peke yake. Ndiye aliyepokea wagonjwa, akawapima, akawapa dawa, na mchana akazalisha. Katika kabati la vioo palikuwa na darubini iliyofunikwa kitambaa. Nilipouliza, alijibu: "Hiyo ya mtu wa maabara, baba. Aliondoka, na mwingine hajaletwa." Malaria alikuwa akiipima kwa kipimo cha haraka, jambo ambalo muuguzi amefundishwa na ameruhusiwa. Lakini siku ile aliletwa mtoto mweupe wa viganja na midomo, dalili ya upungufu mkubwa wa damu. Hapo kipimo cha haraka hakitoshi. Anahitajika mtu wa kupima wingi wa damu, kujua kundi lake, na kuilinganisha na damu ya mchangiaji. Mama na mtoto walipandishwa bodaboda kuelekea kituo cha afya. Mwisho wa safari yao sikuujua.

Kisa hicho kinaeleza kazi ya kada hizi kuliko waraka wowote. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ya Muungano ilianza kukarabati na kupanua vituo vya afya kwa mamia huko Bara ili viweze kufanya upasuaji wa kumtoa mtoto tumboni. Ni hatua kubwa, kwani kabla ya hapo mama mwenye uzazi pingamizi alisafirishwa hadi hospitali ya wilaya, na wengine hawakufika. Walakini chumba cha upasuaji kikishajengwa kinahitaji watu wanne au watano kwa wakati mmoja: mpasuaji, mtoa dawa ya usingizi, muuguzi, mtu wa maabara wa kuandaa damu, na mtu wa dawa wa kuhakikisha kuwa dawa za usingizi na maji ya mishipani yapo. Akikosekana mmoja, chumba kinafungwa. Fauka ya hayo, mashine ya kutakasia vyombo ikiharibika na hakuna fundi sanifu wa vifaa tiba karibu, chumba kinafungwa pia, hata kama daktari yupo na mshahara wake analipwa.

Mfano mwingine ni wa migodi. Singida ni nchi ya dhahabu ya zamani. Mgodi wa Sekenke, Iramba, ulianza wakati wa Wajerumani, mwaka 1909, na hadi leo wachimbaji wadogo wapo katika sehemu mbalimbali za mkoa. Vumbi la mawe huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa upesi na kifua kikuu. Magonjwa hayo mawili hufanana kwa kikohozi na kwa kukonda. Kuyatenganisha kunahitaji picha ya mionzi iliyopigwa vizuri na makohozi yaliyopimwa kwa uangalifu. Picha ikipigwa na mtu asiyejua, daktari anasoma kivuli ambacho hakipo, na mtu anakunywa dawa za miezi sita bila haja. Au kinyume chake, anaambiwa hana kitu, akarudi shimoni na kuambukiza wenzake.

Sasa tuje kwenye sheria, kwani hapa ndipo wengi hupotea.

Zamani Bara kulikuwa na sheria za kada chache, zikiwemo za madaktari, wauguzi na wafamasia. Wengine walifanya kazi chini ya kivuli cha mwajiri. Kwa kuwa mwajiri alikuwa Serikali au misheni, jambo hilo halikuleta taabu kubwa. Lakini mwaka 1991 Bunge lilibadili sheria ya hospitali binafsi iliyokuwa imezuia tiba ya biashara tangu mwaka 1977, na baada ya hapo maabara na maduka ya dawa ya watu binafsi yakaota kila mahali. Ikawa lazima ajulikane nani ni mtaalamu na nani si mtaalamu. Kwanza ikaja Sheria ya Maabara Binafsi za Afya ya mwaka 1997. Kisha mwaka 2007 zikatungwa sheria kadhaa kwa mpigo: ya wataalamu wa maabara za afya, ya wataalamu wa afya mazingira, ya wataalamu wa radiolojia, na ya optometria. Kila moja iliunda baraza lake. Wauguzi na wakunga walipata sheria mpya mwaka 2010, na watu wa dawa wako chini ya Baraza la Famasi kwa Sheria ya Famasi ya mwaka 2011. Hatimaye matabibu, matabibu wa meno na kada nyingine ambazo hazikuwa na baraza ziliwekwa chini ya Baraza la Madaktari Tanganyika, kwa Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017. Jina la Tanganyika katika baraza hilo si kosa la chapa; linaonyesha mipaka ya mamlaka yake.

Maana ya haya kwa kijana wetu ni hii. Cheti cha chuo kinathibitisha kuwa umesoma. Cheti cha usajili kinathibitisha kuwa baraza la taaluma yako limekutambua. Leseni inathibitisha kuwa ruhusa yako ya kufanya kazi haijapita wakati. Ni karatasi tatu tofauti, na tangazo la ajira hutaka zote. Mtu aliyesajiliwa na baraza la Visiwani asidhani kuwa usajili huo unavuka bahari pamoja naye. Inampasa aombe kwa baraza la Bara linalohusika, na aanze mapema, kwani tangazo la kazi hutoa siku chache tu. Tumewaona vijana wenye alama nzuri waliokosa nafasi kwa sababu leseni ilikuwa imekwisha mwezi mmoja kabla.

Kuhusu kuingia chuoni, vyuo vya kati vya afya vinasimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, NACTVET, ambalo hadi mwaka 2021 lilijulikana kama NACTE. Mafunzo yana ngazi tatu: astashahada ya awali, astashahada, na stashahada. Kwa kozi nyingi sifa ni ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne kwa alama isiyopungua D, yakiwemo Kemia na Baiolojia, na kwa kozi kama utabibu na uuguzi Fizikia pia. Masomo hayo manne yawe yasiyo ya dini. Mwandishi wa somo hili alilelewa chuoni kabla ya skuli, na anajua uchungu wa kijana mwenye alama bora ya Elimu ya Dini ya Kiislamu kuambiwa kuwa haihesabiwi. Lakini ndivyo kanuni ilivyo, na inahusu dini zote. Wazazi wawahimize watoto katika Kemia na Fizikia tangu kidato cha kwanza, kwani hapo ndipo idadi kubwa huanguka.

Ada ilikuwa kikwazo kikubwa, kwa kuwa mikopo ya Serikali ilikuwa kwa wanafunzi wa shahada tu. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kutoa mikopo kwa stashahada za fani zilizoteuliwa, na miongoni mwake zimo za afya shirikishi. Orodha ya mwaka huo wa kwanza ilielekea kwenye kada adimu: fiziotherapia, tiba kwa vitendo, optometria, tiba ya meno, viungo bandia, kumbukumbu za afya, na uhandisi wa vifaa tiba. Hili ni la kuzingatia. Vijana wengi hukimbilia utabibu na uuguzi kwa sababu ndizo kada wanazozijua, wakahitimu na kukuta foleni ndefu ya waliotangulia. Kijana asiye na fedha lakini mwenye alama za kutosha afikirie kada ambazo Serikali yenyewe imeonyesha kuwa inazitafuta. Mwongozo wa mikopo hutolewa upya kila mwaka, na orodha huweza kubadilika. Asomwe wa mwaka husika.

Ajira zenyewe zina milango mitatu, nayo isichanganywe. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri ziko chini ya ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, yaani TAMISEMI. Hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Singida, zilihamishiwa Wizara ya Afya kufuatia agizo la Rais la mwishoni mwa mwaka 2017. Mlango wa tatu ni hospitali za mashirika ya dini. Singida inazo zenye historia ndefu, kama Makiungu katika Wilaya ya Ikungi, Mtakatifu Gaspar ya Itigi, na Iambi ya Mkalama. Hospitali kama hizi huajiri wenyewe kwa mikataba yao, na pia baadhi ya watumishi wao huwa wa Serikali walioazimwa. Mwombaji aulize mapema atakuwa mtumishi wa nani, kwani pensheni, likizo na uhamisho hufuata jibu hilo.

Idadi ya nafasi hubadilika mwaka hadi mwaka kwa kufuata bajeti na kibali cha Utumishi. Mwaka 2022 TAMISEMI ilitangaza nafasi 7,612 za afya, na mwaka 2023 nafasi 8,070. Ni nyingi ukizitazama hivyo. Zikigawanywa kwa halmashauri zote za Bara na kwa kada zote, halmashauri moja hubakiwa na watu wa kuhesabika. Isisahaulike pia kuwa nyuma yake kuna pengo la zamani. Ajira Serikalini zilisimamishwa mwaka 1993 wakati wa masharti ya kurekebisha uchumi, na utaratibu wa mhitimu kupangiwa kazi moja kwa moja ukafa hapo. Kisha Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 hadi 2017 uliazimia zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yakaongezeka upesi kuliko watu wa kuyahudumia. Na mwaka 2017 uhakiki uliwaondoa watumishi wa umma 9,932 kwa vyeti vya kughushi, wakiwemo wa afya. Hakuna atakayetetea cheti cha bandia penye uhai wa mtu. Lakini mahali palipokuwa na mtumishi mmoja, kuondoka kwake kuliacha mlango umefungwa.

Mwombaji azingatie masharti ambayo hurudiwa katika karibu kila tangazo la Sekretarieti ya Ajira. Awe raia wa Tanzania, asiyezidi umri wa miaka 45. Aambatishe cheti cha kuzaliwa, vyeti kamili vya kidato cha nne au cha sita, na vya taaluma. Hati za matokeo na barua za utambulisho wa chuo hazikubaliwi badala ya cheti. Aliyesoma nje ya nchi vyeti vyake vithibitishwe na mamlaka husika. Majina yafanane katika karatasi zote. Kwetu Visiwani hili ni tatizo la kila siku: mtu ni Khamis Juma katika cheti cha kuzaliwa, ni Khamis Juma Haji skulini, na chuoni ameandikwa Hamisi. Mbele ya mfumo wa kompyuta hao ni watu watatu. Arekebishe kwa hati ya kiapo iliyosajiliwa kabla ya kuomba, si baada ya kuitwa kwenye usaili.

Kuna wanaouliza kuhusu mgao wa asilimia 21 wa nafasi kwa Wazanzibari. Mgao huo unahusu taasisi za Muungano. Zahanati ya Iramba si taasisi ya Muungano, hivyo kijana wa Pemba anayeomba huko anashindana sawa na kijana wa Iramba, bila upendeleo na bila kuzuiwa.

Anayepangiwa Singida aende akijua anakokwenda. Ni nchi kame yenye upepo na vumbi, ya alizeti, vitunguu, asali na kuku. Usiku wa mwezi wa Juni na Julai ni wa baridi, na mtu wa pwani achukue sweta. Kiswahili kinatosha mjini, lakini vijijini bibi mgonjwa hueleza maumivu yake kwa Kinyaturu, Kinyiramba au Kigogo, na mtumishi anayejifunza salamu chache hupata maelezo ambayo mwenzake hayapati. Kipindi cha majaribio ni miezi kumi na miwili. Uhamisho hauombwi kabla ya kutimiza angalau miaka mitatu kituoni, na huombwa kwa mfumo wa kielektroniki wa watumishi, si kwa kumtafuta mjomba makao makuu. Anayeondoka bila ruhusa akaitwa mtoro hupoteza zaidi ya mshahara, kwani kurudi Serikalini baadaye huhitaji kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi.

Kwa wale wasiokuwa na alama za chuo, ipo nafasi nyingine. Tarehe 31 Januari 2024 Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye lengo la kuwafikia wahudumu 137,294 katika muda wa miaka mitano, wakichaguliwa na wananchi wa mtaa au kitongoji chao na kupewa mafunzo ya miezi sita. Kazi yao ni kupita nyumba kwa nyumba: kuangalia wajawazito, lishe ya watoto, chanjo, na wanaoacha dawa. Hawachomi sindano wala hawapimi damu maabara. Mpango unaanzishwa kwa awamu, na huchaguliwa mkaazi wa mahali husika; mtu hawezi kutoka Unguja kwenda kuomba nafasi ya kitongoji cha Manyoni.

Maombi ya ajira ya Serikali ya Bara hupokelewa kupitia mifumo ya kielektroniki, kama tangazo husika litakavyoelekeza, wala hayalipiwi. Mtu yeyote anayedai fedha ili apitishe jina aripotiwe kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa kwa Bara, na kwa Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu Uchumi kwa Zanzibar. Wanaotaka kujua ada na fomu za usajili wawasiliane na baraza la taaluma yao moja kwa moja. Barua za maombi ya kazi za Bara zisiletwe katika ofisi inayotoa ukurasa huu, kwani haina mamlaka ya kuzipokea.